Kucha ya Kidole Gumba

Taarifa ya kifo cha Dada Zuhura ilinikuta Tunduma, ikiwa na wiki tatu tayari. Aliyeniletea ni dereva wa lori ambaye familia yake inaishi Lemara, akaitamka katikati ya habari za dizeli na foleni ya mpakani: yule mama wa Kitanga aliyekuwa na saluni Kaloleni zamani, tumemzika. Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini, akasema hajui, labda sukari. Nikahesabu siku. Mazishi yalikuwa yamenipita, hitima ya kwanza imenipita, lakini arobaini ilikuwa bado, na mimi ni mtu wa kuhama ambaye begi lake halikai limefunguliwa. Nilifika Arusha asubuhi, mlima ukiwa wazi mpaka kileleni, na bado sikujua nimekuja kufanya nini. Kumwomba radhi mtu aliyekwisha kuzikwa? Kula pilau yake? Nimekaa miji mingi tangu mwaka ule niliofanya kazi kwake, na katika kila mji nilidhani nimeshausahau. Halafu namwona mwanamke kwenye kaunta ya benki au dirisha la duka la dawa, ana kucha ndefu zenye ncha nyeupe, na macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye kidole gumba.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga pale Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, kiasi kwamba siku ya mechi tulijua bao limeingia kabla redio haijasema. Kulikuwa na viti viwili, kioo kimoja chenye ufa pembeni, mashine ya kukaushia nywele, na pazia la maua. Nyuma ya pazia Dada Zuhura alikuwa na kitanda chake, jiko la mkaa na sufuria tatu. Alipika maharage ya nazi karibu kila siku, nazi akiletewa na ndugu zake kutoka Tanga, na mimi niliyekulia kwenye makande na loshoro, zile ndizi za maziwa mgando, nilichukua muda kuzoea. Tulikula palepale, sahani juu ya magoti, wateja wakiwa wamekaa chini ya mashine. Dawa ya kucha, ile ya maji unayochovya brashi, ina harufu kali inayoingia kwenye kila kitu, hata kwenye wali. Mpaka leo nikila maharage ya nazi mahali popote naisikia harufu ile wakati haipo.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote. Sikwenda pale kutafuta kazi ya kucha, nani angekwenda. Nilikwenda kumchorea kibao cha mlangoni. Nilimaliza herufi nyekundu, nikaanza kuzizungushia mstari mweupe mwembamba, na Dada Zuhura akatoka na kikombe cha chai akasimama nyuma yangu mpaka chai ikapoa. Akasema, "Mkono wako hautetemeki." Nikasema hapana, hautetemeki. Akasema, "Basi kesho njoo, usije na rangi." Ndivyo nilivyoingia. Vijana wa kijiweni, wale waliokaa ukutani mwa uwanja, walinipa jina siku ileile. Nikipita wananyoosha miguu, "Fundi kucha, na sisi tupake," na mmoja akaongeza kwamba aoshwe kwanza, ana matope ya Sombetini ya tangu juzi. Nilikuwa nacheka nao. Sijui nilikuwa nachekea nini.

Kucha alizonifundisha ziliitwa frenchi. Sio rangi ya kupaka. Ni kucha ya kujenga. Tipsi nyeupe, zile kucha za plastiki za kubandika, zilikuja kutoka Nairobi kwenye boksi la plastiki lenye vyumba kumi, kila chumba na namba yake, na kazi ya kwanza ilikuwa kupimisha: tipsi ikae ukingo hadi ukingo, isibane wala isiache nafasi. Unasukuma ngozi ya mzizi nyuma, unasugua kucha ya asili mpaka mng'ao utoke, unaipangusa kwa pamba yenye spiriti, unaweka tone la gundi, unaibandika tipsi kwa kuilaza taratibu ili isishike hewa, unaibana huku ukihesabu kimoyomoyo. Halafu unakata urefu. Halafu unachovya brashi kwenye dawa, unaigusisha kwenye poda, linatokea tone dogo kama yai la mjusi, unalilaza juu ya kucha na kulivuta kabla halijawa gumu. Poda ya pinki inaishia pale weupe unapoanzia, na ule mpaka lazima upinde kama mwezi mchanga. Dada Zuhura alikuwa akigonga kucha iliyokauka kwa mpini wa brashi, akisikiliza. Ikilia kama kijiko kwenye kikombe cha kauri, imeiva. Mafuta yalikuja mwisho kabisa, tone moja kwenye ngozi, kazi ikiwa imekwisha. "Kucha haitaki mafuta mwanzoni," alikuwa akisema, wakati mwingine akiwa amenipa mgongo, mikono iko kwenye nywele za mtu. "Ukibandika juu ya mafuta umebandika juu ya maji ya mto."

Wateja walizoea kwamba mimi ni mwanamume wakaacha kuniona. Waliongea juu ya kichwa changu kama ninavyodhani watu huongea mbele ya paka. Nilijua mwimbaji wa sauti ya pili wa kwaya fulani anajidai kwa sababu mumewe ana gari, nilijua mumewe gari analiegesha wapi Jumamosi, na nilijua pia kwamba mwanamke aliyekuwa akisimulia naye ana yake. Wengi wao walikuwa akina mama wa kwaya, kutoka usharika mmoja, waliletwa na mwenyekiti wao, mama mnene mpole aliyependa kusukwa na Dada Zuhura kwa sababu, alisema, Waswahili hawavuti nywele. Tulimwita Mama Mwenyekiti. Saluni nzima ilisimama juu ya mama yule, na Dada Zuhura alijua. Alikuwa akimwekea kiti kabla hajafika mlangoni.

Ni Mama Mwenyekiti aliyemleta Anaeli. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaoa binti wa Nkoaranga, kule juu mlimani, na shangazi alitaka bibi harusi afanane na wa mjini. Anaeli alikuwa na miaka ishirini na mbili na mikono ya mtu aliyechuma kahawa tangu utoto, kucha fupi, vidole virefu, kovu la panga chini ya kidole cha shahada. Mara ya kwanza alikaa mbele yangu akaificha mikono chini ya kanga. Nikamwambia, "Dada, bila mikono sitaweza." Akasema, "Naogopa utacheka." Nikasema mbona nami ni wa hukohuko, naijua kahawa. Akautoa mkono mmoja tu. Alikuja mara tatu kabla ya siku yenyewe, mara moja kwa majaribio, mara mbili kwa sababu ambazo sikuzielewa: kucha moja imeinuka kidogo, na nilipoiangalia haikuwa imeinuka. Tulikuwa tukiongea Kimeru kwa sauti ya chini na Dada Zuhura alikohoa nyuma ya pazia. Nimejiuliza katika vyumba vingi vya kupanga kama nilimpenda. Jibu hubadilika kulingana na mji. Nadhani niliupenda ule mkono, uzito wake ukiwa umeulegeza juu ya taulo, na kwamba kwa saa mbili ulikuwa kazi yangu. Kama hilo ni jambo moja au mawili, sijapata mtu wa kunieleza.

Sherehe yake ya kuagwa ilikuwa Jumamosi mchana. Walifika saluni asubuhi, Anaeli na mama yake na wasichana wanne wa kumsindikiza, chumba kikajaa magauni na maongezi. Anaeli alikaa kwangu akiwa anahema. Alisema tangu alfajiri alikuwa akimenya ndizi za loshoro na za machalari ya nyama, mikungu sita na wadogo zake, kwa sababu mama alitaka amenye za nyumbani kwa mara ya mwisho kama binti wa pale. Nikaushika mkono. Sasa, kila mtu wa mlimani anajua kwamba ndizi mbichi zina utomvu unaoganda mweusi kwenye vidole na hautoki kwa sabuni, na kwamba kabla ya kushika kisu unajipaka mafuta ya kula mpaka kwenye viwiko. Dada Zuhura wa Tanga asingelijua hilo. Mimi nilijua. Mikono yake ilikuwa misafi, ameoga, ananukia sabuni, lakini kwenye kijifereji kando ya kila kucha palikuwa na mng'ao mdogo, kama ule unaobaki kwenye sufuria uliyodhani umeiosha. Nikachukua pamba na spiriti. Dada Zuhura, mikono yake iko kwenye nywele za mama mzaa chema, akasema bila kugeuka, "Bariki, leo pangusa mara mbili." Nilipangusa mara mbili. Nilianza na vidole vidogo nikaja ndani, na nilipofika kidole gumba cha mkono wa kulia chupa ilikuwa tupu.

Kulikuwa na chupa nyingine nyuma ya pazia, hatua tano. Nilikuwa nimeushika mkono wake. Yeye alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza asubuhi ile, ananitazama usoni, sio mikononi kama wateja wanavyofanya. Nje mtu alikuwa anapiga honi, mama yake anasema gari limefika, na mimi nikapangusa kidole gumba kwa pamba kavu. Nakumbuka pamba ilivyoteleza. Nikabandika, nikajenga, nikagonga kwa mpini wa brashi, ikalia vizuri kama zote. Ilikuwa kucha nzuri kuliko zote kumi. Hapo ndipo ninapokwama kila ninaporudia. Nilichoka? Niliharakishwa? Au mkono wangu usiotetemeka ulitaka kitu ambacho haukuniambia?

Dada Zuhura alipewa kadi na akanichukua, tukakaa nyuma karibu na jikoni, tukala ndizi zilezile. Ulipofika wakati wa keki, Anaeli aliwalisha wazazi wake kwa kijiti, kipande baada ya kipande, kinanda kikipigwa. Akaja kwa shangazi wa bwana harusi. Mama Mwenyekiti akakikataa kijiti, akasema kwenye kipaza sauti, watu wakacheka, "Mimi si mgonjwa wa kupimwa kinywa. Mwanangu, nilishe kwa mkono." Anaeli akachukua kipande kwa vidole viwili akamlisha, watu wakapiga vigelegele, na alipoutoa mkono wake akautazama. Nilikuwa mbali lakini nilijua. Mama Mwenyekiti alitafuna mara moja akaacha. Akaweka kitambaa cha karatasi mdomoni, akakishusha, akakifungua mapajani. Alikikunja vizuri kwa pembe nne akakiweka kwenye mkoba, akafunga zipu, akaendelea kutabasamu kuelekea kwenye kamera. Anaeli alimaliza sherehe yote kidole gumba akiwa amekikunja ndani ya ngumi, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyeshika senti.

Jumatatu asubuhi Mama Mwenyekiti alikuja. Dada Zuhura akamwekea kiti, hakukaa. Nilikuwa nafagia nywele. "Shikamoo mama," nikasema, akaitikia "Marahaba" kama kawaida, na hilo liliniumiza kuliko kama angenyamaza. Akafungua mkoba, akakitandaza kile kitambaa kwenye meza yangu. Kucha ilikuwa imelala humo, nyeupe nchani, pinki juu, nzima kabisa.

"Nimelea watoto saba kwa mikono hii," akasema. "Sijawahi kumlisha mtu kucha. Wala mimi sikulishwa mpaka juzi, mbele ya wachungaji wawili."

"Samahani mama," Dada Zuhura akasema.

"Samahani naipokea. Nani aliibandika?"

Ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Kulikuwa na nafasi kubwa kabisa ya kusema, pana kama uwanja ule wa mpira, na mimi nilitazama nywele sakafuni. Nilifungua mdomo, nakumbuka, kwa sababu ladha ya dawa ya kucha iliingia.

"Mimi, mama," Dada Zuhura akasema. "Hii ni kazi yangu."

Mama Mwenyekiti akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaangalia kibao chetu kupitia mlangoni. "Nilidhani ni huyu kijana. Kama angekuwa kijana ningesema ni utoto." Akaiacha kucha mezani akaondoka. Wiki ile hakuja mama wa kwaya hata mmoja. Wiki iliyofuata walikuja wawili, wa kudokoa habari, hawakukaa.

Usiku wa Jumatatu ile sikulala, na kesho yake nilikuja mapema nimepanga maneno. Dada Zuhura hakunipa nafasi. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akavuta kiti changu akakaa yeye, akachukua mkono wangu wa kulia. Alifungua chupa mpya ya spiriti. Akaanza kunipangusa kidole gumba, mara mbili, tatu, nikaacha kuhesabu. Akapimisha tipsi nyeupe, akabandika, akajenga taratibu kama vile ana siku nzima, akagonga kwa mpini. Kisha akasema, "Tembea nayo wiki nzima. Usiikate." Nilitembea nayo. Vijana wa ukutani walipagawa. Mmoja aliniomba mkono akaubusu, mwingine akauliza mahari yangu wanapokea wapi. Nilikula nayo, nikafua nayo, niliibamiza kwenye mlango. Haikuinuka hata unywele. Siku ya saba aliiloweka mwenyewe ikatoka, akaitupa, akaniambia nikachote maji. Kama ilikuwa adhabu au somo au mzaha wa Kitanga, sikuuliza. Kabla mvua za masika hazijaanza mwenye nyumba alishakipangisha kile chumba kwa fundi redio, Dada Zuhura akahamia Lemara kuuza vitumbua, na hakushika tena kucha ya mtu. Mimi nilipanda gari la Babati, kisha Singida, kisha nikaacha kuhesabu. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitarudi nimwambie.

Nyumba ya Lemara ilikuwa na turubai mbele na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nilikaa kidogo kati yao nikashindwa kusikiliza, nikazunguka nyuma. Wanawake walikuwa kwenye masufuria ya pilau, na pembeni, majirani wa Kimeru walikuwa wamezunguka rundo la ndizi wakimenya. Mmoja aliyekuwa na kichwa kilichoanza mvi alinitazama mikono kabla ya uso. "Fundi," akasema. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa karibu na Anaeli. Kucha zake zilikuwa fupi. Alisema mkungu ule ni wa shambani kwake, alikuwa akimletea Dada Zuhura kila baada ya miezi michache, miaka yote hii. Sikuwa na njia ya kuanza, kwa hiyo nilianza katikati.

"Kile kidole gumba sikukipangusa."

"Najua," akasema, hakuacha kumenya. "Nilikuona. Pamba ilikuwa kavu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Siku ile kila mtu alikuwa ananishika, huyu nywele, huyu gauni. Wewe ulikuwa umenishika mkono na umenyamaza. Nikasema moyoni, aache tu." Akatupa ndizi kwenye beseni. "Na wewe mbona hukuchukua chupa nyingine?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni jibu. Kisha akasema kwamba Jumatatu ile, mwenyekiti alipoondoka, yeye alishuka mjini kwa siri jioni kumwambia Dada Zuhura ukweli, na Dada Zuhura akamkatiza. "Aliniambia, nilishajua mwanangu. Aliisikia harufu ya mafuta nilipoingia mlangoni. Ndiyo maana akakwambia mara mbili."

"Basi alijua toka mwanzo."

"Alijua."

"Na hakuja kuangalia."

"Alisema mkono wako hautetemeki." Akanitazama sasa. "Nilimuuliza mbona asikuambie basi. Akasema wewe utakuja kumwambia mwenyewe. Kila nikimletea ndizi ananiuliza, Bariki hajapita?"

Tulikuwa watu watatu tumekiona kidole kimoja, kila mmoja amekaa na lake, na aliyekuwa akingoja ndiye aliyetangulia. Nimelipindua jambo hili tangu juzi na bado halijakaa ukingo hadi ukingo. Mwanamke mmoja akaniona sina kazi akanipa kisu. "Kaka, jipake mafuta kwanza," akanisogezea kibakuli, "utomvu utakuharibu." Nikamwambia asante, nikakiweka kibakuli chini karibu na mguu bila kujipaka, nikaanza kumenya. Anaeli alikiangalia kile kibakuli, akaniangalia, akasogeza rundo katikati yetu ili tugawane. Tulimenya mpaka mawaidha yakaanza mbele.

Naandika haya katika chumba cha wageni karibu na stendi, begi limefungwa mlangoni. Vidole vyangu ni vyeusi. Nimevisugua kwa limau na mchanga na kidole gumba ndicho kimeshika zaidi, mpaka ndani ya kijifereji kando ya kucha. Basi la asubuhi ya leo limeshaondoka, nimelisikia. Utomvu huu utachukua wiki hivi kutoka, na nimemwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba nitakaa mpaka utoke.